Tamathali za semi: usiishie kuzitaja, jua zinakufanya nini

Kila mitihani ikikaribia napata maswali yale yale kutoka kwa vijana: sitiari na tashbiha zinatofautianaje, tafsida ni kitu gani, mizani inahesabiwaje, na kwa nini mwalimu anasema jibu langu ni sahihi halafu ananipa nusu alama. Leo nayajibu yote mahali pamoja. Wewe uliye kafe na dakika zako zinakatika, hifadhi ukurasa huu kwenye flashi ukausome nyumbani taratibu.

Kwanza niseme msimamo wangu. Fasihi wengi tumefundishwa kama orodha ya majina. Mwanafunzi anakariri maneno ishirini, anayamwaga kwenye karatasi ya mtihani, na wiki mbili baadaye yamepotea kichwani. Mimi naona tamathali ni kazi ambayo maneno yanamfanyia msikilizaji. Ukiijua hiyo kazi, alama utapata. Lakini kuna faida kubwa kuliko alama: hutapigwa changa la macho kirahisi na mgombea, na mwenye tangazo la biashara, wala na yule jamaa wa "tuma hela kidogo upate nyingi". Kwa hiyo kila istilahi hapa chini nitaieleza kwa mambo matatu: ni nini, mfano wake, na inafanya kazi gani.

1. FANI NA MAUDHUI

Hapa ndipo mzizi ulipo. Maudhui ni kile kinachosemwa. Fani ni namna kinavyosemwa. Kwenye maudhui utakuta dhamira, ujumbe, migogoro, msimamo na falsafa. Kwenye fani utakuta muundo, mtindo, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha. Tamathali za semi zinakaa kwenye matumizi ya lugha, pamoja na methali, nahau na misemo.

Wengi wanachanganya dhamira na ujumbe. Dhamira ni jambo linalozungumziwa, kwa mfano rushwa katika uchaguzi. Ujumbe ni funzo unaloondoka nalo, kwa mfano: anayenunua kura leo atakudai kesho. Ukiulizwa dhamira ukaandika funzo, umejibu swali la jirani.

2. ZA KULINGANISHA

Tashbiha. Vitabu vingine huiita tashbihi au mshabaha. Unalinganisha vitu viwili kwa kutumia neno la kufananisha: kama, mithili ya, mfano wa, sawa na, utadhani. "Konda yule ana sauti kama honi ya lori." Kazi yake ni kumpa msikilizaji picha ya kitu asichokijua kwa kutumia anachokijua. Tashbiha ni mpole, kwa sababu ile "kama" inakukumbusha kwamba huu ni ulinganisho tu.

Sitiari. Hapa ile "kama" imeondolewa. Kitu kimoja kinaitwa kingine moja kwa moja. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Tanzania ilijaa sitiari: anayeishi kwa jasho la wenzake aliitwa kupe, naye alitakiwa akatiwe mirija yake ya unyonyaji. Ona nguvu yake. Ukimwambia mtu "unafanana na kupe kidogo", mnaweza kubishana. Ukisema "wewe ni kupe", hukumu imeshatoka, maana kila mtu anajua kupe anafanywa nini akionekana. Ndiyo maana sitiari inapendwa sana na wanasiasa. Kila ukikutana nayo jiulize: huu ulinganisho unafaa kweli, au nimepitishwa mlango wa nyuma?

Mwaka 1972 Azimio la Iringa lilikuja na "Siasa ni Kilimo". Hiyo nayo ni sitiari. Inakwambia kwamba siasa itapimwa shambani, siyo kwenye hotuba.

Tashihisi. Vitabu vingine huiita uhuishaji. Kitu kisicho mtu kinapewa tabia ya mtu. "Njaa ilibisha hodi kila nyumba." "Bei zimegoma kushuka." Huu mfano wa pili uangalie vizuri. Bei haziwezi kugoma, kuna mtu anayezipanga. Tashihisi hupamba lugha, lakini pia inaweza kumficha mhusika. Ukisikia "mgawo wa umeme umeamua kurudi", uliza nani hasa ameamua.

Taashira. Kitu kimoja kinasimama badala ya jambo kubwa linalohusiana nacho. Bendera ya CCM ina jembe na nyundo: jembe ni wakulima, nyundo ni wafanyakazi. Tukisema "Ikulu imekanusha" tunamaanisha serikali, si yale majengo. Mwenge wa Uhuru, uliowashwa juu ya Kilimanjaro Desemba 1961, ni ishara ya nuru na matumaini. Kazi ya taashira ni kukusanya hisia za watu wengi kwenye kitu kimoja kinachoonekana kwa macho.

3. ZA KUTAJA WATU

Majazi na lakabu zinawachanganya wengi. Majazi ni pale mwandishi anapompa mhusika jina linaloendana na tabia au nafasi yake. Kwenye Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, mshtakiwa anaitwa Karama na mshitaki wake anaitwa Majivuno. Hujasoma kurasa tatu, tayari unajua moyo wa mwandishi uko upande gani.

Lakabu ni jina la kupachikwa na watu, au mtu kujipachika mwenyewe, kutokana na sifa au matendo yake. Rais Ali Hassan Mwinyi, aliyeongoza Tanzania mwaka 1985 hadi 1995, aliitwa Mzee Ruksa kwa sababu wakati wake biashara nyingi zilizokuwa zimebanwa ziliruhusiwa. Lakabu moja imebeba historia ya uchumi ya miaka kumi.

4. ZA KUPUNGUZA NA KUZIDISHA MAKALI

Tafsida. Ni kutumia neno la heshima badala ya neno kali au la aibu. Kujifungua badala ya kuzaa. Kuaga dunia badala ya kufa. Kwenda haja. Hii ni adabu yetu na haina ubaya wowote. Mbele ya wazee na wafiwa, asiyejua tafsida anaonekana hakulelewa.

Lakini tafsida ina upande wa pili, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Neno takrima kwa asili yake ni zuri kabisa: ni ukarimu, ni kumkirimu mgeni. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ya Tanzania ilirekebishwa, ikaruhusu mgombea kutoa takrima kwa wapiga kura, kwa maelezo kwamba ni ukarimu wa jadi uliofanywa kwa nia njema. Mtaani kila mtu alijua maana yake: fulana, sukari, pilau. Mwaka 2005 mashirika ya kutetea haki, likiwemo Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, yakaenda Mahakama Kuu. Aprili 2006 mahakama ikasema vifungu vile vinakwenda kinyume na Katiba, kwa kuwa vinafungua mlango wa rushwa na vinambagua mgombea asiye na fedha.

Jiulizeni: kama kile kifungu kingeandikwa "mgombea anaruhusiwa kuwapa wapiga kura vitu", kingepita? Neno moja la heshima lilifanya kazi ambayo hoja isingeweza. Vivyo hivyo rushwa barabarani na maofisini ikawa "chai" au "kitu kidogo". Ukiiita chai, anayeikataa ndiye anaonekana hana ubinadamu. Kwa hiyo mbele ya tafsida uliza maswali mawili: inamlinda nani asiumie? Na je, inamlinda nani asishtakiwe?

Mubalagha. Wengine husema chuku. Ni kutia chumvi kupita kiasi: "Nilisubiri daladala mpaka nikaota mvi." Kazi yake ni kuonyesha ukubwa wa hisia. Msikilizaji anajua siyo kweli, na msemaji anajua kwamba msikilizaji anajua. Pale ambapo mmoja hajui, chuku imegeuka uongo. "Dawa hii inatibu magonjwa mia moja" ni chuku kwenye kijiwe cha utani. Ikibandikwa ukutani ikiwa na namba ya simu chini yake, ni jambo jingine kabisa.

5. ZA KUGEUZA MAANA

Kejeli. Unasema kinyume cha unachomaanisha ili kumsuta mtu. Mtu kafika saa tatu kwenye kikao cha saa moja, unamwambia: "Karibu bwana mwahi!" Sauti na mazingira ndivyo vinavyobeba maana. Kwenye maandishi ni rahisi kejeli ikapotea, ndiyo maana watu wengi hugombana mtandaoni kwa jambo ambalo ana kwa ana wangelicheka.

Kinaya. Hapa kinachogeuka ni hali yenyewe: mambo yanatokea kinyume cha matarajio au kinyume cha jina lake. Twende Kenya kidogo. Rais Moi alipoingia madarakani mwaka 1978 alisema atafuata nyayo za Mzee Kenyatta. Nyayo ikawa sitiari ya taifa zima, na maneno yake makuu yakawa amani, upendo na umoja. Jengo la serikali katikati ya Nairobi likaitwa Nyayo House. Miaka ya 1980, kwenye vyumba vya chini vya jengo hilo hilo, watu waliodhaniwa kuipinga serikali walizuiliwa na kuteswa. Jina linahubiri upendo, chini kuna mateso. Hicho ndicho kinaya, na hakuna aliyehitaji kukitunga.

6. ZA SAUTI NA MPANGILIO

Takriri. Ni kurudia neno au sauti kwa makusudi. Kampeni ya CCM ya mwaka 2005 ilikuwa na "Ari Mpya, Nguvu Mpya, Kasi Mpya". Hesabu "mpya" ziko ngapi. Baada ya kulisikia mara tatu neno linakaa kichwani lenyewe, hata hujauliza mpya kuliko nini. Takriri ni rafiki wa kumbukumbu. Haithibitishi chochote.

Tanakali sauti. Ni kuiga mlio wa kitu au tendo: mlango ulifungwa "ndi!", mtoto alianguka majini "chubwi!". Inamfanya msomaji asikie, asiishie kusoma.

Swali la balagha. Vitabu vingi vya Tanzania huliita tashititi. Ni swali ambalo jibu lake linajulikana, linaulizwa ili kukuchoma. Msilichanganye na mubalagha, majina yanafanana lakini ni ndugu wa mbali. Mfano wenye uzito nauchukua tena Kenya. Mwaka 1968 kijana wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, aliandika kijitabu cha kuikosoa serikali na kukipa jina la swali: Kenya: Twendapi? Alikuwa na miaka 22. Alifungwa, na alikaa gerezani kuanzia 1969 hadi 1972. Mashairi aliyoyatunga humo yakatoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata yakapata Tuzo ya Jomo Kenyatta. Ndiyo, tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Kinaya hicho, kiongezeni kwenye namba 5.

Nidaa ni maneno ya mshangao au uchungu: "Lo!", "Ole wao!" Ritifaa ni kuzungumza na mtu aliyekufa au asiyekuwepo kana kwamba anakusikia: "Ewe bibi, ungeamka ukaona shamba lako lilivyouzwa." Zote mbili kazi yake ni kumsogeza msikilizaji karibu na hisia za msemaji.

7. ISTIARA NA FUMBO

Sitiari ikinyooshwa ikawa hadithi nzima, ambapo kila kitu kinasimama badala ya kitu kingine, vitabu vingi huiita istiara. Kusadikika ni nchi inayoelea angani, lakini Shaaban Robert aliiandika chini ya ukoloni na wasomaji wake walielewa mahakama ile iko wapi hasa. Shamba la Wanyama ya George Orwell, iliyotafsiriwa na Fortunatus Kawegere mwaka 1967, inasimulia wanyama waliompindua bwana wao, lakini mwandishi aliwalenga viongozi wa mapinduzi ya Urusi.

Kwa nini mwandishi azunguke hivyo? Kwanza usalama: ni vigumu kumfunga mtu kwa kosa la kuandika habari za nguruwe. Pili, fumbo linamfanya msomaji afike kwenye jibu mwenyewe, na jibu ulilolifikia mwenyewe huliachi kirahisi. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifanya hivyo kwa mashairi karne mbili zilizopita, wakati mji wake ulipokuwa unavutana na Sultani Sayyid Said.

8. SHAIRI: UBETI, VINA NA MIZANI

Hapa ndipo wengi wanapoogopa, na wala hapatishi. Nimewatungia ubeti mmoja wa kujifunzia:

Aliyekupa takrima, hakukupenda moyoni,
Usimwite mwenye wema, muulize kwa makini,
Fulana, sukari, nyama, kavitoa mfukoni?
Neno tamu lina homa, lipime usiamini.

Mstari mmoja unaitwa mshororo. Mishororo ikikusanyika inakuwa ubeti. Ubeti huu una mishororo minne, kwa hiyo ni tarbia. Ingekuwa miwili ungeitwa tathnia, mitatu tathlitha, mitano takhmisa. Kila mshororo umegawanyika vipande viwili: cha kwanza ni ukwapi, cha pili ni utao.

Vina ni silabi za mwisho zinazofanana. Kina cha kati hapa ni "ma" (takrima, wema, nyama, homa) na kina cha mwisho ni "ni".

Mizani ni hesabu ya silabi. Chukua ukwapi wa kwanza: a-li-ye-ku-pa-ta-kri-ma. Ni 8. Utao: ha-ku-ku-pe-nda-mo-yo-ni. Ni 8 tena. Jumla 16 kila mshororo. Angalia neno "mfukoni": ile "m" ya mwanzo inasimama yenyewe, kwa hiyo ni silabi nne, m-fu-ko-ni. Lakini kwenye "usimwite", "mwi" ni silabi moja tu. Wengi wanaanguka hapo.

Mshororo wa mwisho ukirudiwa kila ubeti unaitwa kibwagizo au kiitikio. Usiporudiwa huitwa kituo. Utenzi kwa kawaida una mishororo minne mifupi yenye mizani 8, na kina cha mshororo wa nne hakibadiliki mwanzo hadi mwisho wa utenzi.

Kanuni hizi Amri Abedi alizieleza kwenye Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, mwaka 1954. Miaka 20 baadaye, 1974, Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, mashairi yasiyofuata vina na mizani, na ugomvi ukawaka kati ya wanamapokeo na wanamabadiliko. Mimi naheshimu pande zote, ila nasema: aliyevunja sheria akiijua, na aliyeshindwa kuifuata, hao ni watu wawili tofauti.

9. JINSI YA KUJIBU UPATE ALAMA KAMILI

Fuata hatua tatu: taja, toa mfano kutoka kwenye kazi husika, eleza kazi yake. Wengi wanaishia hatua ya pili, na ile nusu alama ndiyo inakopotelea. Tazama tofauti, kwa kutumia ubeti wangu hapo juu.

Jibu la nusu: "Mshairi ametumia tashihisi. Mfano, neno tamu lina homa."

Jibu kamili: "Mshairi ametumia tashihisi katika mshororo wa nne, ambapo neno limepewa hali ya kiumbe mgonjwa mwenye homa. Hii inamwonya msomaji kwamba ukarimu wa mgombea unaweza kuonekana mzima kwa nje ilhali una ugonjwa ndani, hivyo aupime kabla ya kuukubali."

Umeona? Mwongozo huu unafaa kidato cha nne Tanzania, unafaa karatasi ya tatu ya KCSE Kenya, unafaa hata kwenye kijiwe cha kahawa. Angalizo moja: majina ya tamathali hutofautiana kidogo kati ya kitabu na kitabu, na kati ya Kenya na Tanzania. Tumia jina la kitabu kinachotumika shuleni kwako, na kila mara eleza maana yake. Msahihishaji akiona umeelewa, jina halitamsumbua sana.

10. KAZI YA NYUMBANI

Leo ukitoka hapo kafe, soma bango la kwanza utakalokutana nalo njiani. Liwe la soda, la mkopo, la mganga au la chama, lolote tu. Tafuta tamathali moja. Halafu jiulize: hili neno linanitaka nifanye nini, na lingesemwaje kama lingesemwa wazi? Andika jibu lako hapo chini kwenye maoni. Bila matusi tafadhali, na kama una jina jingine la tamathali yoyote mnalolitumia shuleni kwenu, liweke tujifunze wote.

Methali inasema akufukuzaye hakwambii toka. Mwenye kukuzuga naye hakwambii nakuzuga. Anachagua neno.